Fundi wa Injini ya Kwanza ya Ndege: Maisha ya Charles Taylor



Ukimuuliza mwanafunzi yeyote wa darasa la tano ni nani walioruka mwanzo kwa ndege yenye injini, atajibu bila ya kusita: akina Wright, ndugu wawili wa Marekani. Jawabu hilo ni sahihi na hatuna nia ya kulipinga. Lakini mrudie umuulize, na injini iliyokuwemo ndani ya ndege ile iliundwa na nani? Hapo aghalabu atanyamaza, na pengine mwalimu wake atanyamaza naye.

Mtu huyo anaitwa Charles Edward Taylor. Kwa mafundi wa ndege jina lake ni kubwa, na huko Marekani tarehe aliyozaliwa imefanywa kuwa siku ya kuwakumbuka mafundi wote wa ndege. Mwaka huu tumependelea tuyaandike maisha yake katika jarida letu kwa sababu miongoni mwenu wapo wenye mikono myepesi ya kufungua redio na baiskeli za nyumbani na kuzirudishia, ingawa mara nyingine skrubu mbili tatu hubaki mezani.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Taylor alizaliwa tarehe 24 Mei, 1868, katika shamba dogo huko Cerro Gordo, jimbo la Illinois. Angali mdogo, familia yao ilihamia Lincoln katika jimbo la Nebraska. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akawa tarishi katika ofisi ya gazeti, kisha akatiwa katika chumba cha kujalidi vitabu. Hakusomea uhandisi mahali popote. Alijifunza kwa kutazama, kushika na kurudia, kama wanavyojifunza vijana wengi katika gereji zetu.

Alimuoa bibi mmoja aitwaye Henrietta, ambaye jamaa zake walikuwa na mizizi katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, na mwishoni mwa miaka ya 1890 akahamia huko na mkewe. Alifanya kazi katika kiwanda cha zana za kilimo na baiskeli. Mji huo ndio waliokuwa wakiishi Wilbur na Orville Wright, na duka lao la kuuza na kutengeneza baiskeli lilikuwa katika jengo la jamaa mmoja wa mkewe. Basi Taylor akawa anawachongea vipuri mara kwa mara.

Mwezi Juni mwaka 1901 walimuajiri kwa dola 18 kwa wiki, mshahara mzuri kwa fundi wa wakati ule. Hawakumuajiri kwa ajili ya ndege. Walitaka mtu muaminifu wa kuliendesha duka wakati wao wapo Kitty Hawk, pwani ya jimbo la North Carolina, wakijaribu ndege zao zisizokuwa na injini. Kwa hiyo Taylor ndiye aliyekuwa akiziba pancha, akiuza baiskeli na kupokea fedha, na biashara ile ndiyo iliyokuwa ikilipia majaribio yote. Jambo hili tunalitaja kwa makusudi, maana vitabu vingi hulipita mbio.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene, naye akivuta tangu asubuhi mpaka jioni, wakati waajiri wake hawakuvuta kabisa. Katika hilo hatumsifu, na dada yao akina Wright, Katharine, hakupendezewa naye.

INJINI YA WIKI SITA

Kufikia mwisho wa mwaka 1902 akina Wright walikwishajua namna ya kuiongoza ndege hewani. Kilichobaki ni nguvu ya kuisukuma. Waliviandikia viwanda kadhaa vya injini wakiomba injini yenye nguvu za farasi 8 isiyozidi kilo 80 hivi. Hakuna kiwanda kilichoweza kuwapatia waliyoitaka. Injini za magari za siku zile zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa, na gari halijali uzito kama inavyojali ndege, kwa sababu gari limebebwa na ardhi.

Wakaamua kuiunda wenyewe, na kazi ya chuma yote ikamwangukia Taylor. Tujue kwamba ujuzi wake wote wa injini za petroli mpaka siku hiyo ulikuwa ni kujaribu kutengeneza injini moja ya gari mwaka 1901. Zana zake zilikuwa ni mashine ya kukerezea, mashine ya kutobolea, na zana za mkono. Hapakuwa na michoro kamili. Walikaa wote watatu, mmoja akachora kipande kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, na Taylor akaipachika karatasi ile mbele ya meza yake ya kazi, akaanza kuchonga.

Hapa inafaa tueleze injini inavyofanya kazi. Mvuke wa petroli huchanganyika na hewa ndani ya silinda, pistoni huugandamiza, kisha cheche huuwasha. Moto ule huisukuma pistoni kwa nguvu. Lakini pistoni huenda mbele na nyuma tu, na propela inataka kuzunguka. Tazama mguu wako unapoendesha baiskeli: goti hupanda na kushuka, ila pedeli huzunguka, kwa sababu ya kile chuma kilichopinda kinachoungana nayo. Ndani ya injini chuma hicho kilichopinda huitwa krenkishafti, na ndicho kilichomtoa Taylor jasho kuliko vyote.

Alinunua bamba la chuma kigumu chenye urefu wa sentimita 79, upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 4. Akachora umbo la krenkishafti juu yake. Kisha akatoboa matundu mengi yaliyofuatana pembezoni mwa mchoro, akachukua nyundo na tindo, akakibomoa chuma cha ziada kipande kwa kipande. Kilichobaki akakitia kwenye mashine ya kukerezea mpaka kikawa laini na kikasimama sawa. Bamba lililokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 35 likawa krenkishafti ya kilo 8 na nusu hivi. Mtu akikosea kipimo katika kazi kama hiyo hana pa kurudi, anaanza na bamba jingine.

Mwili wa injini ulisubiwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo, ili uwe mwepesi. Jambo hilo lilikuwa jipya kabisa wakati ule, na miaka mingi baadaye likawa ni la kawaida katika ndege. Silinda zilikuwa nne, zimelazwa ubavu, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 10. Kabureta haikuwemo. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye kopo la lita moja na nusu lililofungwa juu, ikadondokea kwenye chumba cha moto juu ya silinda, ikageuka mvuke na kuvutwa ndani. Plagi hazikuwemo pia. Cheche ilipatikana kwa vyuma viwili vidogo ndani ya silinda vilivyogusana na kuachana. Wala hapakuwa na pampu ya kuyazungusha maji ya kupoza. Ndiyo maana injini ile ilitoa nguvu za farasi 16 kwa sekunde chache za mwanzo, na ikishapata moto ikashuka hadi 12.

Hata hivyo walikuwa wameomba 8. Taylor aliimaliza kwa muda wa wiki sita.

Tarehe 12 Februari, 1903 iliwashwa kwa mara ya kwanza ikanguruma. Siku ya pili yake petroli ilidondokea kwenye beringi, beringi ikakamata, na mwili wa injini ukapasuka. Kazi ya wiki sita ikawa vipande sakafuni. Waliagiza usubiwe mwili mwingine, nao ukafika mwezi Aprili, na mwezi Mei injini ikawaka tena.

PROPELA

Wakati Taylor yupo chini na nyundo yake, juu kulikuwa na makelele ya aina nyingine. Akina Wright walikuwa wakibishana juu ya propela. Walidhani wataazima elimu ya propela za meli, wakaenda maktaba kutafuta kanuni zake, wasizione. Waundaji wa meli walikuwa wakijaribu umbo hili na lile mpaka wapate linalofaa. Wao hawakuwa na fedha wala muda wa kubahatisha namna hiyo.

Baada ya majadiliano ya wiki nyingi walifikia fikra moja ambayo ndiyo msingi mpaka leo: propela ni bawa linalozunguka. Bawa la ndege likikata hewa huinuliwa juu. Bawa hilo hilo likisimamishwa na kuzungushwa, ile nguvu ya kuinua huwa ni ya kuvuta au kusukuma mbele. Ugumu wake ni kwamba ncha ya propela huenda mbio zaidi kuliko sehemu iliyo karibu na kitovu, kama mtoto aliye mwisho wa mstari unaozunguka anavyolazimika kukimbia wakati wa katikati anageuka tu. Kwa hiyo kila sehemu inahitaji mlalo wake, na ndiyo sababu propela imepinda kama iliyosokotwa. Walijaza madaftari kwa hesabu hizo. Taylor alieleza baadaye kwamba sauti zao zilikuwa zikimfikia kazini, na kwamba hakuwahi kuona wakiudhikiana kwa dhati. Mara nyingine walibishana mpaka kila mmoja akahamia upande wa mwenzake, na ubishi ukaanza upya.

Propela mbili walizichonga wenyewe kwa shoka dogo na visu, kutoka kwenye mbao nyepesi za spruce, mti wa jamii ya msonobari, zilizogundishwa tabaka tatu. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 2.6. Ncha zake zilifunikwa kitambaa ili zisipasuke. Vipimo vya miaka ya karibuni vilivyofanyiwa nakala za propela hizo vimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 75 ya nguvu zinazoingia hugeuka kuwa msukumo. Kwa kazi ya shoka na hesabu za daftari, hilo ni jambo la kustaajabisha.

Nguvu kutoka kwenye injini zilifikishwa kwenye propela kwa cheni, kama za baiskeli lakini nene zaidi. Cheni moja ilipitishwa kwa kukatana mfano wa tarakimu 8, ili propela mbili zizunguke kinyume, hii isiipindue ndege kwa upande na ile iizuie. Tunaiona hapo akili ya watu wa duka la baiskeli.

ALIYEBAKI DUKANI

Mwezi Novemba 1903 injini iliwashwa Kitty Hawk. Ilitetemeka vibaya, na vyuma vinavyozungusha propela vikaharibika. Vilirudishwa Dayton kwa treni, Taylor akavitengeneza, akavirejesha. Baadaye magurudumu ya cheni yakalegea, nayo yakashikizwa kwa gundi ya tairi za baiskeli. Kisha chuma kimoja kikapata ufa. Orville akafunga safari mwenyewe mpaka Dayton, vikatengenezwa vipya kwa chuma kigumu cha springi, na tarehe 11 Desemba akarudi navyo.

Tarehe 17 Desemba, 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 36 na nusu. Siku hiyo waliruka mara nne, na mara ya mwisho Wilbur alikaa hewani sekunde 59, akaenda mita 260. Kisha upepo ukaipindua ndege na kuivunja pamoja na injini yake. Taylor hakuwepo. Alikuwa Dayton akiangalia duka.

Katika miaka ya 1904 na 1905 majaribio yalihamia Huffman Prairie, malisho ya ng'ombe karibu na Dayton, na huko Taylor alikuwepo muda wote. Alikagua waya, cheni, vyuma na mbao kabla ya kila safari, na ndege ilipoanguka aliitengeneza. Alitamani sana kujifunza kurusha. Walimzuia kila alipoomba, kwa kuwa walimtaka kwenye injini. Tarehe 5 Oktoba, 1905 aliyashuhudia mafanikio makubwa: Wilbur alizunguka juu ya malisho yale kwa zaidi ya dakika 38, kilomita 39, akashuka pale mafuta yalipomalizika.

SIKU YA FORT MYER

Mwaka 1908 Orville alikwenda Fort Myer, jimbo la Virginia, kuwaonyesha ndege maofisa wa jeshi la Marekani waliotaka kuinunua. Taylor alikuwa pamoja naye na fundi mwingine, Charles Furnas. Ndege ilikuwa imefungwa propela mpya, ndefu kuliko za awali. Tarehe 17 Septemba Orville alipaa na kijana mmoja wa jeshi, Luteni Thomas Selfridge, mwenye umri wa miaka 26.

Walipokuwa hewani Orville alisikia mgongano mwepesi nyuma yake, kisha vishindo viwili vikubwa, na ndege ikaelekeza pua chini. Taylor alikuwa miongoni mwa waliokimbilia pale na kuinua mabaki. Selfridge alifariki jioni ile, akawa mtu wa kwanza kufa katika ndege yenye injini. Orville alivunjika paja na mbavu, akalala hospitali wiki nyingi. Inasimuliwa kwamba Taylor, mtu wa vyuma na sigara, alilia hadharani siku hiyo.

Kisha ilibidi arudi kwenye mabaki. Fundi anapokuwa na mauti mbele yake, swali la kwanza analojiuliza moyoni ni kama mkono wake ndio uliokosea. Vipande vilikusanywa na kuchunguzwa kimoja kimoja, na ukweli ukajulikana. Propela moja ilipata ufa wa kwenda na urefu wake. Bawa lenye ufa likapoteza umbo na kusukuma kidogo kuliko mwenzake, propela ikaanza kutetemeka, ikaupiga waya uliokuwa ukiushikilia usukani wa nyuma. Waya ukachomoka na usukani ukalala ubavu. Ufa wa mbao, basi, ndio uliomuua Luteni Selfridge.

Propela ziliimarishwa. Mwaka 1909 walirudi uwanja ule ule, majaribio yakatimia, na jeshi likainunua ndege kwa dola 30,000. Desturi ya kuchunguza mabaki bila ya kumficha mtu, ambayo leo hufanywa kila ndege inapoanguka, Taylor ni miongoni mwa waliokuwa wa mwanzo kuifanya.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Mwaka 1911 rubani Calbraith Rodgers alitaka kuivuka Marekani kutoka bahari hadi bahari kwa ndege ya akina Wright, akamuajiri Taylor kwa dola 10 kwa siku. Taylor alimfuata chini kwa treni iliyobeba vipuri. Rodgers aliondoka tarehe 17 Septemba akafika Pasadena, California, tarehe 5 Novemba, na njiani alianguka mara nyingi kiasi kwamba sehemu chache tu za ndege aliyoondoka nayo ndizo zilizofika. Sifa zote alipewa rubani, na bila shaka alizistahiki. Lakini ndege iliyovunjika haijirudishi hewani yenyewe.

Wilbur alifariki mwaka 1912 kwa homa ya matumbo. Taylor aliendelea kufanya kazi na Orville mpaka mnamo 1920, na mwaka 1928 akahamia California. Huko mambo yakamwendea kombo. Karakana yake ilianguka katika mdororo wa uchumi, fedha alizozitia katika ardhi karibu na Salton Sea zikapotea, na mkewe akafariki. Akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60 akaingia kiwanda cha ndege mjini Los Angeles kwa senti 37 kwa saa. Hakujieleza. Wenziwe waliokuwa wakifunga injini kando yake hawakujua huyo mzee ni nani.

Mwaka 1937 tajiri wa magari Henry Ford, aliyekuwa amelinunua jengo la duka la baiskeli la akina Wright na kulihamishia Dearborn, Michigan, alimtafuta Taylor ili alipange duka kama lilivyokuwa. Alimkuta kiwandani hapo. Taylor alikwenda, akazitafuta mashine zile za zamani, akazirudisha mahali pake, na akaunda nakala ya injini ya mwaka 1903 kwa mikono yake.

Orville hakumsahau. Alipofariki tarehe 30 Januari, 1948, wasia wake ulimpa Taylor dola 800 kila mwaka. Wapo wanaodai akina Wright walimdhulumu fundi wao; sisi hatuoni hivyo. Walimlipa vizuri, wakamwamini na duka lao na roho zao. Waliomsahau ni wale waliokuja kuandika. Gharama zilipopanda zile dola 800 hazikutosha, na Taylor alikwishapata ugonjwa wa moyo mwaka 1945, hawezi tena kazi. Mwaka 1955 ilijulikana kwamba yumo katika wodi ya mafukara ya hospitali moja ya Los Angeles. Watu wa viwanda vya ndege waliposikia walichanga fedha wakamhamishia pahala pazuri zaidi.

Aliishi miezi michache tu baada ya hapo. Alifariki tarehe 30 Januari, 1956, akiwa na umri wa miaka 87, siku na mwezi ule ule aliofariki Orville miaka minane nyuma. Alizikwa Los Angeles katika makaburi yaliyotengewa watu wa ndege. Leo serikali ya Marekani hutoa tuzo yenye jina lake kwa mafundi waliotengeneza ndege kwa miaka 50.

Ndege ya mwaka 1903 ipo katika makumbusho mjini Washington. Injini yake ipo pia, lakini ile krenkishafti aliyoitoa kwenye bamba kwa nyundo na tindo haimo. Iliazimwa kwa maonyesho mjini New York mwaka 1906, na haikurudi. Iliyomo sasa ilitolewa kwenye injini ya mwaka 1904.